Hotuba Mbili Mbele ya Maiti ya Caesar

Mchezo wa "Julius Caesar", aliotunga Mwingereza William Shakespeare, wajulikana na watu wengi waliopita katika shule za Afrika Mashariki. Uliigizwa London mwaka 1599, ukapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1623. Kwa Kiswahili ulifasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri yake ilitolewa mwaka 1963, naye akaitengeneza upya, ikatoka tena mwaka 1969. Wasomaji wengi hukumbuka majambia na damu. Walakini kuuawa kwa Caesar huja katikati ya mchezo tu, na mambo makubwa yaliyotangulia na yaliyofuata yalitendeka kwa ulimi. Twapenda kueleza hapa jinsi maneno yavutavyo watu katika mchezo huu, na jinsi uaminifu wa mtu uwezavyo kufanywa kamba ya kumfungia.

Habari yenyewe ni ya kweli. Warumi, kwa mapokeo yao, waliwafukuza wafalme wao mwaka 509 kabla ya Kristo, na tangu hapo jina la mfalme likawa chukizo kwao. Mwaka 44 kabla ya Kristo Caesar alikuwa amewashinda adui zake wote, akafanywa mtawala kwa maisha yake yote. Ndipo wakubwa kadha wa kadha walipokula njama, wakamwua katika baraza tarehe 15 Machi mwaka ule ule. Shakespeare aliipata habari hii katika kitabu cha Plutarch, Mgiriki, kilichotolewa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Plutarch asema kwa ufupi tu kwamba Antony alimsifu maiti, akawaonyesha watu nguo zenye damu. Maneno ya hotuba ni ya Shakespeare mwenyewe.

Mvutaji wa kwanza ni Cassius, naye amwendea Brutus, rafiki wa Caesar. Cassius ajua kwamba Brutus hanunuliki kwa fedha wala kwa cheo. Kwa hiyo amshika mahali pa wema wake. Ajitoa awe kama kioo ambacho Brutus ataiona sura yake mwenyewe. Amkumbusha yule Brutus wa zamani aliyewafukuza wafalme. Kisha atupa dirishani barua zenye miandiko mbalimbali, zionekane zimetoka kwa wananchi wengi. Usiku Brutus apima shauri peke yake. Akiri kwamba hana kisa na Caesar, wala hajamwona akitenda udhalimu. Lakini asema Caesar ni kama yai la nyoka: afadhali livunjwe kabla halijaanguliwa. Na tulitazame jambo hili sana. Mtu mwadilifu amhukumu rafiki yake afe kwa kosa lisilotendeka bado, na aliyemsadikisha hasa si Cassius, bali ni yeye mwenyewe. Cassius aliufungua mlango tu.

Caesar naye avutwa vivyo hivyo. Mkewe, Calpurnia, ameota sanamu ya mumewe ikitoka damu, amsihi asitoke nyumbani. Decius, mmoja wa wenye njama, aifasiri ndoto kuwa ya heri, adokeza kwamba baraza lataka kumpa taji, tena kwamba watu watacheka wakisikia amezuiwa na ndoto za mke. Caesar avaa joho lake aenda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Twafika sasa penye kiini cha mchezo. Cassius alitaka Antony auawe pamoja na Caesar, Brutus akakataa. Cassius akaonya kwamba Antony asiruhusiwe kusema maziko, Brutus akaruhusu, kwa masharti: asiwalaumu wenye njama, na aseme kwamba anasema kwa idhini yao. Brutus atangulia kuhutubia. Maneno yake si ya ushairi. Ni mafupi, yamepangwa sawasawa, kila fungu likilingana na mwenziwe. Hoja yake ni moja: alimpenda Caesar, lakini aliipenda Rumi zaidi. Hakutaja tendo hata moja la udhalimu wa Caesar. Aliwataka watu wamsadiki kwa ajili ya uungwana wake. Watu wakampigia kelele za shangwe, na mmoja wao akasema Brutus na afanywe Caesar! Hapo twaona kwamba wamemkubali msemaji bila kuelewa neno lake hata kidogo. Brutus asikia hayo, kisha aenda zake, awaacha watu mikononi mwa Antony.

Antony aanza kwa upole, kwa maana makutano ni ya Brutus. Asema amekuja kwa maziko tu. Kisha ataja mambo matatu yanayoonekana: fidia za mateka zilizojaza hazina ya mji, machozi ya Caesar kwa ajili ya maskini, na taji alilolikataa mara tatu. Baada ya kila jambo arudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Masharti hayavunji, hajamlaumu mtu.

Neno hilo la heshima lataka maelezo, kwa kuwa ni gumu kulifasiri. Tukisema "mheshimiwa", twasema kwamba watu humpa heshima, nayo yaweza kuwa ya cheo tu. Tukisema "mwaminifu", twasema kwamba neno lake hutegemewa. "Mwungwana" lakaribia zaidi, kwa sababu lina asili ya mtu na mwenendo wake pamoja. Na Kiswahili chajua sana kuligeuza neno hili. Mgeni akila akashiba, akaondoka bila kuaga, mzee wa nyumba husema, "Bwana yule ni mwungwana kweli," na kila mtu barazani huelewa. Neno halikubadilika; kilichobadilika ni jambo lililowekwa kando yake. Ndivyo afanyavyo Antony. Uungwana ndio uliokuwa hoja ya Brutus, naye aushika, aurudia hata wageuka kuwa tusi.

Kisha anyamaza alie, na watu wapate nafasi ya kusemezana. Awaonyesha wasia wa Caesar, akataa kuusoma, hata wenyewe wamlazimishe. Ashuka, alishika joho, aonyesha tundu moja moja: hapa alichoma Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Lakini Antony hakuwapo! Trebonius alikuwa amemtoa nje kwa makusudi. Hapana anayemwuliza amejuaje. Hatimaye asema kwamba yeye si msemaji kama Brutus, na watu wakimbia kwenda kuchoma nyumba. Wameusahau hata wasia, yambidi awaite warudi wausikie: drakma 75 kwa kila mwananchi, na bustani zake kando ya mto Tiber. Mara baadaye wamkamata Cinna mshairi, mtu asiye na hatia, wamrarua kwa sababu jina lake ni jina la mmoja wa wauaji.

Katika tendo linalofuata Antony ameketi na Octavius na Lepidus, wanaandika majina ya watakaouawa. Lepidus akubali ndugu yake afe, na Antony amtoa mpwa wake. Kisha Antony amtuma Lepidus aulete wasia, watazame jinsi ya kupunguza yale waliyoachiwa watu. Na Lepidus akiisha kutoka, Antony amfananisha na punda wa kuchukua mizigo. Machozi ya Antony kwa Caesar hayakuwa ya uongo, maana alimlilia pia alipokuwa peke yake na maiti. Basi yafaa tukumbuke kwamba huzuni ya kweli yaweza kutumiwa kwa kazi ya hila, tena na mtu yule yule.

Na uaminifu je? Mwisho wa mchezo, vitani Philippi mwaka 42 kabla ya Kristo, Brutus aliyeshindwa aona fahari kwamba hapana mtu wake aliyemsaliti. Antony mwenyewe amsifu: wengine waliua kwa wivu, huyu peke yake kwa kutaka mema ya wote. Lakini wema huo haukuiokoa Rumi. Mwaka 27 kabla ya Kristo Octavius alipewa jina la Augustus, akatawala peke yake, na jamhuri ambayo Brutus aliua kwa ajili yake haikurudi.

Sisi tulio walimu na wahubiri twaishi kwa maneno, na watu hutusadiki mara nyingi kwa ajili ya cheo chetu kabla hawajaipima hoja. Kwa hiyo mchezo huu watufaa sisi kabla ya kuwafaa wanafunzi. Darasani twashauri hotuba hizi mbili zisomwe kwa sauti, kisha kila mwanafunzi aandike katika safu mbili: mambo gani msemaji ameyathibitisha, na mambo gani ametufanya tuyahisi tu. Safu ya kwanza ya Brutus itakuwa karibu tupu. Ya Antony itakuwa na mambo machache, na wala hayatoshi kuchoma nyumba ya mtu.