Rooney wa Vibanda Umiza

Bao la kwanza la Wayne Rooney baada ya kurejea Everton halikufungwa Liverpool wala mji mwingine wowote wa Uingereza. Lilifungwa Dar es Salaam, Julai 13, 2017, kwenye Uwanja wa Taifa ambao leo tunauita Benjamin Mkapa. Everton walikuwa wanacheza na Gor Mahia ya Kenya, mabingwa wa michuano ya SportPesa iliyomalizika jijini humo mwezi mmoja nyuma. Rooney alikuwa na siku nne tu tangu atangazwe na klabu yake ya utotoni. Kipindi cha kwanza akapata mpira mbali na lango, akainua kichwa, akaachia shuti lililompita kipa. Jacques Tuyisenge alisawazisha kwa kichwa na Kieran Dowell akaipa Everton ushindi wa 2-1, lakini watu waliondoka uwanjani na jina moja mdomoni. Shabiki mmoja alichomoka jukwaani, akawapita walinzi na kumkumbatia. Rooney hakumsukuma.

Sisi wa Kanda ya Ziwa wengi hatukufika Dar siku ile. Hata hivyo Rooney hakuwa mgeni kwetu Nyakato, jijini Mwanza. Kwa miaka kumi na tatu aliyoichezea Manchester United alikuwa akiingia kila wikiendi kwenye vibanda umiza, vibanda vya kuonyeshea mechi, vya kandokando ya barabara ya Musoma, kati ya Buzuruga na Igoma: mabenchi ya mbao, bati juu, ratiba ya mechi imeandikwa kwa chaki mlangoni. Mle ndani walikaa vijana waliotoka zamu kiwandani, makondakta, mafundi seremala na wauza samaki. Walimjua kwa kazi yake, na picha yake waliyokuwa nayo haikufanana na ile iliyokuwa ikiuzwa na magazeti ya London.

Ile ya London ilianzia kwenye mwili. Magazeti ya udaku yalimfananisha na Shrek, lile zimwi la katuni. Yaliandika juu ya shingo yake nene, lafudhi yake ya Liverpool, na nywele zilizoanza kumwisha kabla ya wakati. Mwaka 2011 alipopandikiza nywele, alitangaza mwenyewe mtandaoni kabla hawajamfichua. David Beckham naye alitoka familia ya wafanyakazi, ila sura yake ilikuwa biashara. Ya Rooney ikageuzwa kichekesho. Naona humo dharau ya wenye nafasi kwa mtoto wa maskini aliyepata fedha bila kujifunza kuongea kama wao.

Rooney alizaliwa Oktoba 24, 1985, akakulia Croxteth, mtaa wa nyumba za halmashauri pembezoni mwa jiji la Liverpool. Mama yake alifanya kazi jikoni shuleni. Mpira aliujifunza barabarani na wakubwa wake, chandimu kama ya mitaa yetu ya Mecco au Mahina, ambako ukidondoshwa unanyanyuka mwenyewe kwa kuwa hakuna refa. Everton walimchukua akiwa na miaka tisa. Oktoba 19, 2002, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 17, aliingia akitokea benchi dhidi ya Arsenal, timu iliyokuwa imecheza mechi 30 za ligi bila kufungwa. Dakika za mwisho akautuliza mpira, akageuka, akaupinda juu ya kipa David Seaman. Miezi minne baadaye akaichezea timu ya taifa ya England, mdogo kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuivaa jezi hiyo mpaka wakati huo. Kwenye Euro 2004 nchini Ureno alifunga mabao manne kabla ya kuvunjika mfupa wa mguu katika robo fainali, na Waingereza wakaamini kwamba bila mfupa ule wangebeba kombe.

Hapo ndipo deni lilipoanza. Kijana wa miaka 18 alibebeshwa ahadi ambayo hakuitoa yeye, na kila mwaka uliofuata ulipimwa kwa ahadi ile. Septemba 2004 alicheza mechi yake ya kwanza Manchester United, akawafunga Fenerbahçe mabao matatu peke yake. Baada ya jioni ile kila jambo zuri alilofanya lilihesabiwa kuwa la kawaida.

Mashabiki wa vibandani waliona kitu kingine, nami nakubaliana nao. Waliona mshambuliaji anayerudi mpaka kwenye kona ya kwao kuunyang'anya mpira. Cristiano Ronaldo alipokuwa nyota wa timu, Alex Ferguson alimsogeza Rooney pembeni, na akaenda. Fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2009 mjini Roma dhidi ya Barcelona, Ronaldo alisimama katikati na Rooney akacheza winga ya kushoto. Ronaldo alipouzwa Real Madrid, Rooney akarudishwa katikati na msimu ule akafunga mabao 34, akachaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa mwaka. Ukubwani akashushwa mpaka kiungo, napo akacheza. Alimaliza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na mabao 208 na pasi za mabao 103. Wafungaji wengi wakubwa hawawezi kukuonyesha hiyo namba ya pili.

Likizungumzwa bao lake moja tu, watu hutaja tikitaka ya Februari 2011 dhidi ya Manchester City. Nani alipiga krosi, ikamgonga beki na kubadili mwelekeo, Rooney akajigeuza hewani na kuupeleka kona ya juu. Lilikuwa bao la ushindi, 2-1. Mimi ningechagua lile la Januari 2017 pale Stoke, mpira wa adhabu wa dakika za nyongeza ulioiokoa timu isifungwe na kumfanya apite mabao 249 ya Bobby Charlton, rekodi iliyokuwa imesimama tangu miaka ya sabini. Alikuwa ameanzia benchi siku hiyo. Alipofunga hakukaa kushangilia sana, kwa sababu matokeo yalikuwa sare.

Simsafishi. Kombe la Dunia la 2006 alipewa kadi nyekundu dhidi ya Ureno kwa kumkanyaga Ricardo Carvalho. Mwaka 2010 pale Cape Town, baada ya sare tasa na Algeria, aliwasema mashabiki wa England mbele ya kamera kwa kuizomea timu yao, kisha akaomba radhi. Miezi minne baadaye alitaka kuihama Manchester United, na siku chache tu zikapita akasaini mkataba mpya mnono. Aprili 2011 aliifunga West Ham mabao matatu, akatukana kwenye kamera, akafungiwa mechi mbili. Na chini ya miezi miwili baada ya kushangiliwa Dar es Salaam alikamatwa akiendesha gari amelewa. Mahakama ikamfungia kuendesha kwa miaka miwili na kumpa saa 100 za kazi za jamii.

Mwaka 2022 alisimulia mwenyewe, katika filamu ya maisha yake na katika mahojiano, kwamba siku za mapumziko alikuwa anajifungia na kunywa pombe peke yake kwa sababu hakujua pa kupeleka uzito aliokuwa nao. Huyu ni mtu ambaye taifa lilikuwa likimdai tangu akiwa na miaka 16. Nilipoyasikia hayo niliiona ile picha ya London kuwa ya ukatili zaidi, maana walikuwa wanamcheka mtu anayezama.

Ya ukocha ni mafupi. Alitundika daluga Januari 2021 akiwa Derby County, akaishika timu iliyokuja kukatwa pointi 21 kwa matatizo ya fedha. Ilishuka daraja, ingawa kwa pointi ilizovuna uwanjani ingebaki. Kule alistahili sifa. Birmingham alidumu mechi 15, akashinda mbili. Plymouth aliondoka siku ya mwisho ya mwaka 2024 timu ikiwa mkiani. Si kocha mzuri, angalau bado.

Machi 2023 Harry Kane alimpita kwa mabao ya timu ya taifa, ambayo Rooney aliyaachia kwenye 53 katika mechi 120. Kane anastahili heshima hiyo. Lakini mabao 253 ya Manchester United hayajaguswa, na katika kizazi chake simwoni Mwingereza mwingine aliyewafanyia wenzake kazi nyingi kiasi kile huku akifunga. Hiyo ndiyo hukumu yangu.

Nasi tunachora picha za watu. Februari 2020 Mbwana Samatta alikuwa Mtanzania wa kwanza kufunga bao Ligi Kuu ya Uingereza, pale Bournemouth akiwa na Aston Villa. Mwezi mmoja baadaye akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mabao yalipokauka, baadhi ya waliokuwa wakijaza kurasa za Villa kwa bendera yetu waligeuka kumtania, ilhali alikuwa amefika mahali ambapo hakuna mwenzetu aliyekuwa amefika kabla yake.

Hapa Mwanza timu yetu ya Pamba ilirudi Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, na Uwanja wa Kirumba ukapata tena kelele zake. Baadhi ya vijana watakaoivaa jezi ile miaka ijayo wanacheza chandimu sasa hivi nyuma ya nyumba zetu hapa Nyakato. Kijana wa miaka 18 akikosa bao mbele ya jukwaa lako, mpigie kelele arudi kukaba, mwambie apige mapema. Usimtukanie mama yake.