Majengo: mali ipo, dhamana haipo

Fundi seremala wa Majengo, Moshi, anayetaka mkopo wa mashine ya kuranda huulizwa kwanza hati ya nyumba. Nyumba amepanga. Kwao Kibosho kuna kihamba, shamba la nyumbani, lakini kihamba ni cha ukoo, wazee wamezikwa humo, na hakuna ndugu atakayetia saini kiende mnadani. Hata angekuwa na nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuiweka rehani bila ridhaa ya mkewe. Basi ana mbao stoo, mashine mbili na bodaboda barabarani, na benki bado inamwona hana kitu.

Anaishia kwa wakopeshaji wa mitaani waitwao kausha damu. Huko kadi ya pikipiki inabaki kwa mkopeshaji, na wapo wanaomsainisha mteja mkataba wa mauzo badala ya mkopo, ili akichelewesha rejesho chombo kiwe kimeshauzwa kwenye karatasi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwataka wakopeshaji hawa wawe na leseni. Suala la dhamana yenyewe halikumalizika.

Pendekezo linalojadiliwa kwa miaka sasa ni rejista moja ya dhamana zinazohamishika. Mali inabaki mikononi mwa mkopaji akiendelea kuzalisha. Mkopeshaji anaandikisha haki yake, na aliyetangulia kuandikisha ndiye anayelipwa kwanza. Kenya ilipitisha sheria ya namna hiyo 2017, Uganda 2019. Kwetu Tanzania kampuni husajili rehani zake kwa wakala wa usajili, BRELA, ila fundi asiye na kampuni anategemea sheria kuukuu ya tangu ukoloni, ambayo wengi hawajawahi kuisikia.

Moshi si mgeni wa jambo hili. Tangu Sheria ya Stakabadhi Ghalani ya 2005, mazao yaliyo ghalani yanaweza kukopewa kwa stakabadhi tu. Kama gunia la kahawa linaaminika, mashine ya kuranda ina kosa gani?

Wasiwasi wangu uko kwenye ukamataji. Aliyeweka rehani ardhi hupewa notisi ya siku 60 kabla benki haijauza. Mwenye bodaboda atapewa ngapi? Pikipiki ikikamatwa asubuhi, jioni nyumbani hakuna unga. Wabunge waandike siku hizo ndani ya sheria yenyewe, wasiziachie kanuni, na wabatilishe mikataba ya mauzo inayoficha mikopo. Bila vifungu hivyo viwili, rejista itamrahisishia kazi kausha damu kuliko fundi.