Muuguzi Mzoefu ni Hazina, Asiachwe Aondoke

Mama wa Natta akishikwa na uchungu usiku wa masika, na njia ya kwenda Mugumu imejaa tope, uhai wake na wa mwanawe huwa mikononi mwa muuguzi aliye zamu. Mahali ambapo daktari yu mbali, muuguzi ndiye mganga, ndiye mkunga, na ndiye mtunza dawa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Taifa liliazimia kwamba huduma za afya ziwafuate wananchi vijijini. Mwaka 2007 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi walichangia mawe, mchanga na jasho. Hayo ni ya kujivunia. Lakini jengo halikati kitovu cha mtoto, wala halizuii damu ya mzazi.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Chuo hutoa cheti; umahiri hutolewa na miaka. Muuguzi aliyekaa Serengeti miaka ishirini huitambua dalili ya kifafa cha mimba kabla mgonjwa hajaanguka. Anamjua mama aliyejifungua kwa shida mara iliyopita. Aghalabu amejifunza pia lugha ya wenyeji, nao humwamini kwa siri zao.

Basi kwa nini tunampoteza? Katika miaka ya 1990 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kwa muda, na safu ya warithi ikakatika. Leo wakongwe wanafikia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, na wengine huondoka kwa hiari wakiwa na miaka 55. Wako wanaohamia mjini kwa kukosa nyumba ya heshima na shule nzuri ya watoto. Wako pia wanaopandishwa cheo, na cheo kikawatoa kwa mgonjwa kikawaketisha mezani. Fauka ya hayo, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi wapatao milioni 5.9, maadamu nchi tajiri nazo zinawatafuta, asiyemtunza wake atanyang'anywa.

Dawa ya maradhi haya haihitaji miujiza. Kwanza, nyumba ya mtumishi ijengwe pamoja na zahanati, isiwe jambo la baadaye. Pili, malimbikizo ya stahili zake yalipwe kwa wakati, kwani shukrani za maneno matupu hazilishi watoto. Tatu, muuguzi hodari apande daraja akiwa wodini, bila kulazimika kuikimbia kazi anayoijua. Nne, kabla mkongwe hajastaafu, kijana apangwe zamu moja naye, amrithishe ujuzi. Na mstaafu mwenye nguvu apewe mkataba wa kufundisha.

Wananchi nao wana wajibu. Kamati ya zahanati isikutane tu pale dawa zinapokwisha. Iulize pia mtumishi wetu anaishije. Matusi mlangoni mwa zahanati humfukuza muuguzi upesi kama mshahara mdogo.

Halmashauri hutunza hesabu ya vitanda na ya mabati. Itunze pia hesabu ya wauguzi wazoefu, na kila anayeondoka aulizwe sababu. Hazina isiyohesabiwa huibwa mchana.