Udongo wa Ruiru, Mawimbi ya Malindi

Maji ya Thika na maji ya Ruiru ni majirani wasiofikia bahari moja mahali pamoja. Chania na Thika, mito inayoporomoka kando ya hoteli ya Blue Posts, huungana hapo hapo mjini na kushika njia ya mashariki hadi bwawa la Masinga, na kutoka huko husafiri na Tana mpaka Kipini. Mto Ruiru, ulio mwendo mfupi tu ukirudi upande wa Nairobi, huelekea Athi. Maji yake hupita Fourteen Falls karibu na mlima Ol Donyo Sabuk, huambaa na uwanda wa Yatta katika nchi ya Wakamba, hukutana na mto Tsavo ndani ya mbuga ya jina hilo na kuitwa Galana, kisha huitwa Sabaki, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Malindi.

Safari hiyo ya maji inahusu sana mtu wa Thika au Ruiru anayepanga kushuka pwani mwezi wa Agosti kujaribu ubao wa kafi, ule ambao mtu husimama juu yake wima na kuusukuma kwa kafi ndefu. Swali lake la kwanza huwa ni ukubwa: achukue ubao wa futi ngapi? Jibu la kawaida hutazama mwili wake peke yake. Nionavyo mimi, hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili iko chini ya maji, katika mwinamo wa mchanga ambapo wimbi linavunjikia, na mchanga wa Malindi umeletwa na mto.

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imezungukwa na miamba ya matumbawe. Diani ni mfano mzuri: mawimbi ya bahari kuu hupasukia mwambani, mbali na ufuko, na maji yaliyobaki ndani hutulia, hasa wakati wa kupwa. Kwenye ghuba ya Malindi hali ni tofauti. Matumbawe hayapendi maji baridi ya mtoni wala matope, maana tope huziba mwanga na kuwafunika wanyama wadogo wanaoujenga mwamba. Kwa hiyo mbele ya mdomo wa Sabaki ukuta wa matumbawe umekatika, na mawimbi ya upepo wa Kusi huingia bila kizuizi mpaka mchangani. Ndiyo sababu Malindi ni miongoni mwa sehemu chache za Kenya ambapo wimbi huvunjika juu ya mchanga mtupu, mita chache kutoka mahali watoto wanapocheza.

Mzigo wa Sabaki ni mkubwa, mamilioni ya tani za udongo kwa mwaka, na umeongezeka sana tangu katikati ya karne ya 20 kadiri mashamba yalivyopanda milimani na malisho yalivyochakaa katika nchi kavu. Udongo mwekundu wa Ruiru na Kiambu, uliotokana na mawe ya volkano, ni mfinyanzi laini. Huo ndio unaosaidia kuipaka bahari rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua za masika. Chembe za mchanga zenyewe hutoka zaidi katika miamba mikongwe ya Machakos, Makueni na Kitui, zikiwa na mika inayometa juani. Upepo wa Kaskazi hulisukuma tope hilo kusini, kuelekea mjini na hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Kusi hulirudisha upande wa Mambrui. Ufuko wa Malindi umenenepa kwa miongo kadhaa, hata majengo yaliyojengwa karibu na maji sasa yanatazamana na upana mkubwa wa mchanga.

Sasa tuliangalie wimbi. Likiwa kwenye kina kirefu halijui kuna ardhi chini yake. Likikaribia pwani, sehemu ya chini huanza kukokota, wimbi hupunguza mwendo na kuinuka. Huvunjika pale ambapo urefu wake unafikia takriban asilimia 78 ya kina cha maji, kwa hiyo wimbi la mita 1 huanguka kwenye maji ya mita 1.3 hivi, yaani kifuani mwa mtu mzima. Mwendo wake hapo ni karibu kilomita 13 kwa saa. Mtu anayepiga kafi kwa utulivu huenda kilomita 5 au 6. Pengo hilo lazima lizibwe, ama kwa nguvu za mikono ama kwa mwinamo wa wimbi unaouvuta ubao chini.

Namna wimbi linavyovunjika inategemea mwinamo wa ufuko. Mhandisi Mhispania Ramón Iribarren alionyesha kwamba ukilinganisha mwinamo wa sakafu ya bahari na mwinamo wa wimbi lenyewe, unaweza kutabiri sura ya mvunjiko. Chukua wimbi la mita 1 linalofuatwa na jingine kila sekunde 9. Ufuko ukishuka mita 1 katika kila mita 10, wimbi litajikunja na kujitupa kwa kishindo, likiacha shimo la hewa ndani yake. Ufuko ukishuka mita 1 katika kila mita 50, wimbi hilo hilo litamwagika kutoka kileleni polepole, povu likitangulia, na litaendelea kumwagika kwa mwendo mrefu. Mchanga mwembamba hulala karibu tambarare; mchanga mnene na kokoto husimama. Malindi, kwa kulishwa mchanga mwembamba na mto, ina ufuko wa aina ya pili. Wimbi lake lina huruma kwa mwanafunzi.

Hapo ndipo urefu wa ubao unapoamuliwa. Ubao mrefu huteleza vizuri, hupata mwendo mapema na kulidaka wimbi kabla halijasimama. Lakini uso wa wimbi lililosimama umepinda, na ubao ulionyooka hautoshei kwenye mpindo huo: tezi huinuliwa, omo huzama, na mtu hurushwa mbele. Kwenye ufuko mkali unahitaji ubao mfupi wenye omo lililopinda juu, na unahitaji ustadi wa kuutumia. Kwenye ufuko wa polepole unaweza kujiruhusu urefu zaidi. Kuna kikomo hata hivyo. Palipo na mwamba mara nyingi kuna mlango wa maji makuu ambao mtu anaupita kwenda nje bila kupambana. Mawimbi ya mchangani hayana mlango wa uhakika, na utalazimika kuvuka povu moja baada ya jingine. Kila mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025. Ubao wa futi 10 na nusu ukikutana ubavu na povu la namna hiyo hugeuka silaha, na anayeumia huenda si wewe bali muogeleaji aliye nyuma yako.

Upana una hesabu yake, nayo hunishangaza kila nikiifikiria. Uthabiti wa chombo chochote kinachoelea, mtumbwi au jahazi, huongezeka kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, ilhali kwa urefu huongezeka sawasawa tu. Ukitoka ubao wa inchi 28, yaani sentimita 71, hadi wa inchi 31, yaani sentimita 79, umeongeza sentimita 8 tu, lakini uthabiti umepanda kwa asilimia 36 hivi. Kwa anayeanza, inchi hizo 3 zina faida kuliko futi nzima ya urefu. Zikizidi sana, ubao hukataa kugeuka juu ya wimbi, na mikono hulazimika kupiga kafi mbali na mwili.

Kisha ujazo, ambao huandikwa kwa lita kwenye mbao nyingi. Kanuni ni ya Archimedes: kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Mtu wa kilo 75, pamoja na ubao wa kilo 9 na kafi na mavazi yaliyolowa ya kilo 2, ni kilo 86. Baharini atahitaji lita 84 ili asizame, na kwenye bwawa la maji baridi lita 86. Hizo ni za kuelea tu, maji yakiwa yamefika juu ya ubao. Anayeanza kuingia mawimbini anahitaji karibu mara mbili ya uzito wake kwa lita, yaani 130 hadi 150 kwa mtu huyo. Aliyezoea hushuka hadi 110 au chini yake. Mbao za kujazwa upepo, ambazo ni rahisi kuzipandisha kwenye matatu ya Malindi, mara nyingi huwa na lita 250 na zaidi. Ni nzuri kwa maji matulivu. Mawimbini humwinua mtu juu mno, upepo wa Kusi huzishika, na kingo zake nene za mviringo haziwezi kung'ata uso wa wimbi. Ubao ulioufurahia Diani unaweza kukuchosha vibaya Malindi, ingawa mwili wako ni ule ule.

Usisahau maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua tofauti hupita mita 3, na kwenye ufuko wenye mwinamo wa 1 kwa 50 mstari wa maji huhama zaidi ya mita 150. Wimbi la asubuhi na wimbi la mchana huvunjikia sakafu mbili tofauti. Wavuvi wa Malindi wanaijua sakafu hiyo kuliko ramani yoyote. Waulize kabla hujaingia. Waulize pia kuhusu mkondo unaovuta kwenda nje, na kuhusu mdomo wa Sabaki wenyewe, ambako viboko huishi.

Kamba ya mguuni ni lazima baharini, kwa sababu ubao ulioponyoka hupelekwa na povu mpaka kwa watu. Mtoni sheria hubadilika kabisa: kamba ya mguuni ikinasa kwenye jiwe au gogo, maji yanayokwenda kasi humkandamiza mtu chini. Kwa hiyo Fourteen Falls na maporomoko ya Chania si mahali pa mazoezi, hata kama ni karibu na nyumbani. Pa kujifunzia kusimama ni Mida, mkono wa bahari uliotulia kati ya mikoko ya Watamu, siku moja au mbili kabla ya kwenda Malindi.

Sakafu hii ya mchanga haitabaki vilevile. Udongo unaotoka Thika tayari hunaswa kwa wingi Masinga tangu bwawa hilo lilipokamilika mwaka 1981. Upande wa Athi, bwawa la Thwake linajengwa mpakani mwa Makueni na Kitui, nalo litazuia sehemu ya mzigo unaoilisha Malindi. Mimi namtakia kila la heri mkulima wa Ruiru anayechimba matuta ya fanya juu kulinda shamba lake, hata kama maana yake ni mchanga mchache ufukoni. Udongo ule ni chakula, na matumbawe ya hifadhi yatapumua. Lakini anayetunga miongozo ya mawimbi ya Malindi ajue kwamba mwinamo anaouandika leo unaweza kubadilika.

Kwa sasa, anayeanza mwenye kilo 75 aombe ubao mgumu wa futi 9, upana inchi 31, lita zipatazo 140, na kafi inayompita kimo kwa sentimita 15. Mwenye kilo 60 ateremke hadi futi 8 na nusu. Mwenye kilo 95 apande hadi futi 10, upana inchi 32 au 33. Ukikuta umebaki ubao wa kujazwa upepo peke yake na mawimbi yamevuka kiuno, upeleke Mida siku hiyo.