MAJI YA NAMUWONGO: POVU LA SABUNI HALITOSHI



Katika makazi yetu ya Namuwongo, kando ya reli na mfereji wa Nakivubo, kuna mabishano yasiyokwisha juu ya maji. Wengine husema maji ya bomba ni mabaya kwa sababu yananuka dawa, na kwamba ya chemchemi ni matamu na baridi. Wengine husema maji yakitoa povu jingi la sabuni, basi hayo ndiyo mazuri. Mabishano haya si ya kupitisha wakati tu. Mfanyakazi akishikwa na homa ya matumbo hukosa zamu, na kibarua akikosa zamu hukosa chakula cha watoto. Kwa hiyo tumeona ni vema kulieleza jambo hili hatua kwa hatua.

MAJI MAGUMU NA MAJI LAINI

Maji huitwa magumu yanapobeba chokaa na madini ya jamii hiyo kutoka kwenye mawe yaliyopita. Ndugu zetu wa pwani, wanaoteka visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, wanayajua vizuri: sabuni haitoi povu, na birika hujaa ukoko mweupe. Wenzetu wanaotunza boila viwandani wanaujua ukoko huo pia. Hushika ndani ya mabomba, huzuia moto usipite vizuri, na kuni au mafuta hutumika zaidi kwa mvuke uleule.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu katika lita moja. Chini ya 60 ni maji laini. Zaidi ya 180 ni magumu sana. Maji ya Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, ni laini, kwa sababu sehemu kubwa yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ndiyo maana maji ya bomba la Kampala hutoa povu upesi.

Lakini ugumu wa maji si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa ajili ya afya. Maji magumu humaliza sabuni na kuharibu birika, lakini hayamlazi mtu hospitali. Nayo maji laini yanaweza kutoa povu zuri kabisa na kumbe yamejaa vijidudu. Sabuni haipimi vijidudu, wala ulimi haupimi.

UCHAFU WETU UNATURUDIA

Maji ya Kampala kwa miaka mingi yametoka Gaba, kwenye ghuba ya Murchison. Pale hutiwa dawa ya kugandisha uchafu, huachwa yatuame, huchujwa kwa mchanga, kisha hutiwa klorini. Ghuba hiyohiyo ndiyo inayopokea maji ya mfereji wa Nakivubo, unaobeba uchafu wa mji na wa eneo la viwanda, ukapita mlangoni petu na kumwagika katika kinamasi. Zamani kinamasi kilichuja sehemu kubwa ya uchafu huo. Kadiri kilivyolimwa na kujengwa, ghuba iliota mwani wa kijani, na kazi ya kusafisha maji Gaba ikawa ngumu na ya gharama zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kujenga mtambo mwingine mbali kidogo, Katosi wilayani Mukono, na kiwanda kipya cha kusafisha maji taka huko Bugolobi.

NJIANI NDIKO KWENYE HATARI

Maji yakitoka mtamboni ni safi. Hatari huanza njiani. Katika vichochoro vyetu mabomba membamba ya plastiki hupita ndani ya mitaro. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu, na likiwa na ufa hufyonza uchafu wa mtaro. Maji yakirudi, ya kwanza kutoka ndiyo yenye uchafu huo. Harufu ya klorini ambayo wengi huilaumu ni mlinzi wetu: yafaa ibaki walau miligramu 0.2 katika kila lita maji yafikapo bombani. Baada ya hapo huja jerikeni isiyooshwa, na kikombe kinachochovywa na kila mkono.

Chemchemi nayo tusiitegemee kwa kunywa. Iko chini ya vilima vilivyojaa vyoo vya shimo. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea Kampala, na watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua. Wachunguzi walikuta maji machafu katika chemchemi na visima, na pia katika vinywaji vilivyouzwa mitaani. Tena uchafu wa vyoo huleta naitreti, ambayo haiondoki kwa kuchemsha na ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa.

Kwa nini basi watu huenda chemchemini? Kwa sababu ni bure. Bei ya bomba la umma ilipangwa kuwa shilingi 25 kwa jerikeni ya lita 20, lakini mkononi mwa mchuuzi mara nyingi hufika 100 au 200. Hivyo mwenye mshahara mdogo hulipia lita moja bei kubwa kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba yake kule Muyenga, mlimani juu yetu. Hili si jambo la elimu ya afya peke yake. Ni jambo la haki.

TUFANYE NINI

Nyumbani: maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yawekwe katika chombo chenye mfuniko. Jerikeni ya maji ya kunywa isitumike kwa kazi nyingine. Maji ya kwanza baada ya kukatika yatumike kupiga deki.

Mtaani: tukague bomba linapopita mtaroni, tutoe taarifa ya kila ufa, na kamati zetu zidai mabomba ya umma zaidi yenye bei iliyopangwa.

Kazini: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe maji ya kunywa ya kutosha na yaliyo salama. Wenzetu wa mashamba ya chai na miwa, ambao maji ya kisima cha pampu huwageuzia chai kuwa nyeusi, wajue kwamba hiyo ni dalili ya chuma. Chuma huudhi zaidi kuliko kudhuru, lakini wasiridhike kwa rangi wala ladha. Waombe kipimo cha vijidudu, na majibu yake yabandikwe mahali ambapo kila mfanyakazi atayasoma.

Maji salama si zawadi ya tajiri. Ni sehemu ya mazingira ya kazi, kama vile saa za kazi na ujira, na tuyapeleke kwenye meza ileile ya majadiliano.