Dawa Imemkubali?

Bibi mmoja mwanika dagaa wa Kibirizi, mjukuu wake akiwa amevimba taya, aliniuliza: "Sista, tutajuaje kama dawa imemkubali?" Katika uuguzi wangu wote hapa Ujiji sijasikia swali zuri kuliko hilo.

Jibu lake lilitafutwa kwa jirani zetu, Uganda. Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe kama ule. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Kisu hakikufaa. Miaka ya 1960 yeye na wenzake walijaribu dawa kama siklofosfamidi. Uvimbe huo, ambao ni saratani inayoweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, uliyeyuka kwa baadhi ya watoto ndani ya siku chache, na wengine walipona kabisa! Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa.

Saratani nyingi haziitiki upesi hivyo. Kwanza kipande cha uvimbe huchunguzwa kwa hadubini, maana dawa hufuata aina ya saratani. Kisha uvimbe hupimwa kwa siti skani kabla ya dawa na baada ya mizunguko kadhaa. Vipenyo vikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, dawa inafanya kazi. Vikiongezeka kwa asilimia 20, daktari hufikiria dawa nyingine.

Nilimwambia bibi ampeleke mtoto Hospitali ya Bugando, Mwanza, upesi. Nawe msomaji, uvimbe ukiyeyuka usikatishe dozi: seli zilizobaki hazionekani kwa macho.