Uso Mmoja Uliofumba Macho
Pamba ikishauzwa, harusi hapa Bariadi hufuatana, na picha inayogombewa ni ya ukoo mzima. Katika watu 30, lazima mmoja afumbe macho. Kwa hiyo kamera naiweka kwenye stendi, napiga picha kadhaa mfululizo bila kuisogeza. Kwenye Photoshop nazipanga mbili kwa tabaka, nazilinganisha, kisha nafuta uso uliofumba. Ule mzuri wa chini unatokeza. Kinachosumbua ni shingo: mtu akigeuka kidogo, nachukua mpaka mabega. Tangu 2023, simu za Google Pixel 8 humruhusu mpigaji kubadilisha nyuso palepale. Mimi uso nauchukua kwenye picha za siku ileile tu, na makunyanzi ya bibi siyagusi, hata wajukuu wakiomba.